Makigazijuto

Neno nililitoa Bukoba, kwenye kitabu kisicho na jalada:
MAGAZIJUTO. Mabano, kugawanya, kuzidisha,
kujumlisha, kutoa. Nikaliandika juu ya ubao wetu wa Bwera
kwa chaki iliyobaki kama jino la mtoto,
na darasa zima, hata wale waliovuka Lhubiriha juzi
wakiwa bado na sare za shule za Beni,
wakalisema kwa sauti moja, wakalipenda
kwa kuwa linatafunika.

Chini yake nikaandika: 4 + 2 × 3².

Yakarudi majibu, kila moja na kiburi chake.
Kumi na sita, kwa Muhindo, anayeamini
kwamba tatu kwa kipeo cha pili ni sita,
kana kwamba kile kinamba kimepanda begani kuzidisha tu,
mara moja, kisha kishuke.
Arobaini, kwa dawati la dirishani.
Mia tatu ishirini na nne, kwa Kakule,
aliyekwenda moja kwa moja kama ng'ombe anayerudi zizini,
kushoto kwenda kulia, bila kumsalimia mtu.

Ithungu hakuandika kitu.
Akainua mkono wenye unga wa muhogo kwenye kucha:
"Mwalimu, vipeo vimekaa wapi humo?"

Nikageuka kulitazama neno langu.
Miaka tisa nimelifundisha.
Ma. Ga. Zi. Ju. To.
Nikalitazama kama mtu anayehesabu watoto jioni
na kugundua sahani moja imezidi.

Sisi Wakonzo si wageni wa foleni.
Jina langu ni Bwambale, wa pili.
Baluku wetu alizikwa kabla sijatambaa,
na hakuna hata siku moja aliyenisogeza mbele
kuziba pengo lake. Zamu ni zamu
hata mwenye zamu asipokuwepo.
Hilo nalijua kwa damu.
Lakini kwa nini kuzidisha kutangulie kujumlisha
sikujua. Nikasema, "Ndivyo ilivyo."
Wakanakili: ndivyo ilivyo.

Siku ya soko, Mpondwe, nikamkuta mama yake Ithungu
na mikungu mitatu ya ndizi, elfu ishirini kila mmoja,
na elfu mbili za bodaboda aliyeileta.
Akamwambia mteja: sitini na mbili.
Hakuandika popote. Hakutamka neno la Bukoba.
Nikamuuliza: kwa nini usianze na bodaboda,
elfu mbili ujumlishe na tatu, ndipo uzidishe?
Akanitazama kwa huruma wanayotazamwa nayo walimu.
"Nijumlishe pikipiki na mikungu, nipate nini?
Ndizi zenye magurudumu?"

Nikapiga hesabu ile njia nzima ya kurudi:
milioni arobaini na elfu sitini.
Angejenga ghorofa Kasese kwa kosa la Kakule.

Jumatatu nikawaambia habari za ndizi zenye magurudumu.
Nikawaambia pia kwamba udogo wa kipeo si uchache:
yule mdogo juu ya bega ndiye anayesema
namba hii ijiite mara ngapi,
na anamshika yule mmoja tu aliyembeba, si jirani.
Kwanza tisa. Halafu kumi na nane. Halafu ishirini na mbili.
Muhindo akafuta sita yake kwa mate.
Ithungu akaja mbele, akalipasua neno langu katikati,
akaingiza KI baada ya MA:
MAKIGAZIJUTO.
Halikutafunika vizuri. Walicheka, wakalisema hivyo hivyo.

Jioni zamu ya kufuta ilikuwa ya mfupi wa darasa.
Asubuhi nilikuta ubao mweusi, safi,
isipokuwa pale juu mkono wake ulipokomea:
² peke yake,
haina wa kumpanda.

Nilitaka kuifuta. Ithungu akanitangulia,
akaandika chini yake, kushoto kidogo,
namba ya jina lake, tano,
akaenda kuketi.

"Ishirini na tano," akasema Kakule
bila kuulizwa.